Ukifunga spesa kwenye Prado, chunga nati za ndani

Kila nikiegesha Prado yangu mjini Arusha, hakosi mtu wa kuniuliza kama spesa, yale mapande ya alumini yanayokaa kati ya habu na rimu, hazijaua beringi. Mimi beringi hainitishi sana. Ni kweli spesa ya milimita 30 inasogeza tairi nje na habu, yaani kile kitovu kinachozunguka na kubeba gurudumu, inaelemewa zaidi, kwa hiyo beringi itachakaa mapema kiasi. Lakini hata ukinunua rimu iliyotokeza nje kwa kipimo hichohicho, beringi inaumia vilevile. Spesa inachoongeza ni kiungo. Una nati za rimu unazoziona, halafu nyuma yake kuna nati nyingine sita zinazoshika spesa kwenye habu, na hizo huzioni mpaka uvue tairi. Kesi karibu zote nilizokutana nazo zilianzia humo ndani.

Kabla ya kutoa hela, jiulize unazitaka za nini. Mwenye Land Cruiser 70 ya dizeli V8, ile iliyoanza 2007, ana sababu ya maana: mbele ilipanuliwa ili injini ienee, nyuma ikaachwa ilivyokuwa, nyembamba kwa karibu sentimita 9 na nusu. Mchangani tairi za nyuma zinachimba njia yao wenyewe. Kwenye Prado, mtu aliyetoka tairi ya upana wa milimita 265 (265/70R17) akavaa ya 285 anaweza kukuta tairi inagusa mkono wa juu wa saspensheni, na spesa inaiondoa pale. Ila tairi iliyosogea nje inachora duara kubwa zaidi unapokata kona, kwa hiyo unaweza kuhamisha msuguano kutoka ndani ukaupeleka kwenye madigadi au kwenye kile kipande cha fremu kinachobeba bodi, nyuma ya tairi ya mbele. Panda jiwe kwa tairi moja, kunja usukani hadi mwisho kulia na kushoto, uangalie nafasi iliyobaki. Kama unatafuta muonekano tu, sikukatazi, lakini ujue stelingi itakuwa nzito kidogo na mashimo utayasikia mikononi.

Dukani utaambiwa, “Bosi, matundu sita, inaingia Toyota zote, hata Patrol.” Matundu ni sita kweli, na duara linalopita katikati ya matundu, la milimita 139.7, ni moja. Kitovu cha habu ndicho kinachotofautiana: Prado ni milimita 106, Patrol Y61 ni 110. Spesa ya Patrol ukiiweka kwenye Prado inacheza, na ya Prado kwenye Patrol haiingii kabisa. Nyuzi nazo si zilezile. Za Toyota hii zimeachana milimita 1.5, za Patrol na Jimny 1.25. Nati ya Toyota kwenye stadi ya Jimny, ile bolti inayotokeza kwenye habu, inakubali mizunguko michache kisha inagoma, na fundi mwenye haraka akiisukuma kwa mashine ya upepo, stadi imekwisha.

Nati za nje nazo zina mtego. Rimu za aloi za kiwandani za Prado zinataka nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Spesa nyingi zinauzwa na nati za rimu za koni, yaani zenye mdomo uliochongoka. Koni kwenye tundu lililonyooka inagusa ukingo tu. Utaikaza hadi utoke jasho, udhani imekaa. Nje tumia nati zako za kiwandani, ukihakikisha nyuzi zinalingana. Zile fupi zilizokuja na spesa ni za ndani, usizibadilishe, maana nati ndefu itatokeza na rimu itakalia nati badala ya spesa. Stadi za gari zinafanya hivyohivyo spesa ikiwa nyembamba, isipokuwa rimu yako ina mifuko ya kuzipokea. Kurundika spesa mbili, au kuweka washa kwenye stadi ili kupata nafasi, kama nilivyoona gereji moja wakifanya, ni hatari tupu.

Siku ya kufunga, piga habu brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Kutu na tope lililokauka vitasagika njiani, na mkazo wa nati utaondoka navyo. Nyuzi usizipake grisi, maana kipimo cha spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kitakudanganya na utazivuta stadi kupita kiasi. Anza kwa mkono, kaza kwa kupishanisha, umalizie kwa toki: rimu za aloi za Prado ni kama Nm 113, na nati za ndani fuata karatasi ya aliyetengeneza spesa. Gundi ya nyuzi weka tu kama karatasi imeitaja.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, vua tairi zote nne urudie nati za ndani. Watu wengi huona uvivu hapa. Mimi narudia pia kila nikitoka Natron, kwa sababu ile barabara ya Mto wa Mbu hadi Ngare Sero ina mawimbi kama bati. Pale Engaruka nilimkuta jamaa na Hilux yake ikigonga tak, tak akikata kona polepole. Alikuwa ameshakaza nati za nje, zote zimebana. Tulipovua tairi, nati mbili za ndani zilizunguka kwa vidole, unga mweusi wa alumini umezunguka matundu, na tundu moja limeshapanuka upande mmoja. Spesa ya namna hiyo haichomelewi wala haigeuzwi. Inatupwa, na stadi zote za habu hiyo zinabadilishwa, kwa sababu zimekuwa zikipinda muda wote huo.

Safarini beba spana ya toki, stadi na nati za akiba, na soketi nyembamba, kwani ya kawaida mara nyingi haizami kwenye matundu ya spesa. Tairi ya akiba nayo ijaribu juu ya spesa ukiwa nyumbani. Kama rimu yake ni ya chuma, inataka nati za koni, kwa hiyo zile za koni zilizokuja na spesa, ambazo hukuzitumia, zitie kwenye mfuko wa jeki.