Picha za mawe za Sowerby: rangi ni ya mkono

Ndugu, umeuliza kama zile picha za madini za James Sowerby, mchoraji wa viumbe na mawe wa London, zilichapwa na rangi zake. Hapana, zilipakwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine! Na kitabu chake, British Mineralogy, kilichotoka kati ya 1802 na 1817, kina picha 550. Mchoro ulichongwa kwenye bamba la shaba, likapakwa wino na kufutwa uso, ule wino ukabaki kwenye mifereji tu, kisha likakandamizwa juu ya karatasi yenye unyevu. Rangi ya maji ikafuata, kwa brashi. Ndiyo maana nakala mbili za jiwe lilelile hazifanani kabisa: hapa kijani kimekolea, kule kimepauka.

Ukiishika mkononi, chukua lenzi. Ukiona vidoti vidogo vilivyojipanga, hiyo ni chapa ya mashine za kisasa. Ya zamani ina mistari mizima ya wino, na mara nyingine rangi imevuka mstari kidogo. Pitisha na kidole pembeni: kama kingo hazijakatwa, utahisi alama ya bamba lilipobonyea. Mimi alama hiyo hunigusa kuliko hata rangi.