Maswali na majibu: Ofa za mawakala wa uuguzi wa kusafiri Marekani

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wauguzi wenzetu walioko Marekani, wanaochukua mikataba ya wiki 13 hospitali mbalimbali kupitia mawakala. Wengi mmenitajia malipo ya wiki tu, mkataka niwachagulie. Kwa malipo ya wiki peke yake sitamchagulia mtu. Aliyenitumia mchanganuo kamili ni mmoja, nami naanza naye.

Naishi Dallas. Nina ofa mbili za Memphis, zamu tatu za saa 12 kwa wiki. Wakala wa kwanza analipa dola 2,400 kwa wiki, wa pili 2,250. Mume wangu anasema nichukue ya kwanza, hakuna cha kufikiria. Ni sawa?

Dada, kipo cha kufikiria. Kwenye karatasi zako, ofa ya kwanza ni dola 24 kwa saa, yaani 864 kwa wiki zinazokatwa kodi, na 1,536 zilizobaki ni posho ya makazi na chakula. Ya pili ni dola 30 kwa saa, yaani 1,080, na posho 1,170. Tofauti ya dola 150 kwa wiki ni 1,950 kwa mkataba mzima. Ya pili pia inakatwa kodi zaidi, maana sehemu yake ya mshahara ni kubwa zaidi. Nikichukua asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (michango ya pensheni na ya bima ya afya ya uzeeni) pamoja na asilimia 12 ya kodi ya mapato ya shirikisho, ni kama dola 550 hivi kwa wiki 13 (Texas na Tennessee hazitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara). Kwa hiyo hadi hapa ya kwanza inaongoza kwa dola 2,500.

Sasa rudi kwenye ukurasa wa pili ambao mume wako hakuusoma. Bima ya afya ya wakala wa kwanza ni dola 95 kwa wiki na inaanza baada ya mwezi, kwa hiyo utalipa takriban 855. Ya wa pili ni dola 30 tangu siku ya kwanza, jumla 390. Wakala wa pili anarudisha nauli dola 600, wa kwanza harudishi kitu. Pengo limeshuka hadi kama 1,435.

Kipengele cha saa za uhakika ndicho kinachoamua. Wakala wa pili ameandika kwamba saa 36 zitalipwa, na posho zake, hata hospitali ikifuta zamu. Wa kwanza hakuandika chochote, na maana yake zamu ikifutwa hulipwi. Kwenye ofa hiyo zamu moja ni dola 800, takriban 740 baada ya kodi. Zikifutwa mbili tu katika wiki 13, faida yote imekwisha, na zile wiki nne za mwanzo umekaa bila bima yao. Hospitali hufuta zamu za wauguzi wa mkataba wagonjwa wanapopungua, tena mara nyingi kabla ya kugusa wale wa kudumu. Mimi ningechukua ya pili. Ukitaka ya kwanza, wakuandikie kwanza saa za uhakika ndani ya mkataba. Ahadi ya simu haitakusaidia siku zamu ikifutwa.

Nakaa kwa dada yangu Minneapolis bila kulipa pango, na nina nyumba yangu Nakuru. Wakala anasema nijaze fomu kwamba nina makazi ya kudumu ili posho zisikatwe kodi. Nijaze?

Usijaze kabla ya kuisoma neno kwa neno, kwa sababu anayesaini ni wewe, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikiuliza itakuuliza wewe.

Posho haikatwi kodi kwa sababu moja: inachukuliwa kwamba una gharama za makazi mahali pawili kwa wakati mmoja, nyumbani na ulikotumwa kazini. Kwa dada yako hulipi kitu, kwa hiyo nyumbani hapo huna gharama inayojirudia. Mkikubaliana pango la haki, ulilipe kweli kwa hundi au benki, uwe unarudi hapo kati ya mikataba na kufanya kazi eneo hilo mara kwa mara, msimamo wako unaimarika. Kuandika karatasi ya pango ambalo halilipwi ni uongo kwa serikali, hata kama dada yako yuko tayari kuisaini.

Nyumba ya Nakuru najua umeijenga kwa jasho. Lakini kama kazi yako yote iko Marekani na Nakuru unakwenda likizo tu, ni vigumu sana kuitetea kama makazi yako ya kikodi. Asiye na makazi hayo huhesabiwa kuwa mtu wa kuhamahama, na posho zake zote hukatwa kodi kama mshahara. Katika hali hiyo, zile ofa za mshahara mdogo na posho nono hazikupi nafuu uliyoahidiwa.

Mawili zaidi. Ile kanuni ya maili 50 mnayoambiana, kwamba ukifanya kazi mbali zaidi ya hapo na nyumbani posho hazikatwi kodi, haimo katika sheria ya kodi, ni masharti ya hospitali na mawakala. Na kazi ya mahali pamoja inayotarajiwa kuzidi mwaka mmoja haihesabiwi tena kuwa ya muda, hata ikigawanywa katika mikataba ya wiki 13. Mlipe mtaalamu wa kodi anayewajua wauguzi wa kusafiri, mara moja kabla ya kusaini.

Mawakala watatu wananiita kwa hospitali ileile. Niwakubalie wote wapeleke jina langu?

Hapana. Mpe ruhusa mmoja tu. Jina likifika mara mbili, mawakala huanza kugombania nani alikuleta na hospitali inaweza kukuacha kabisa. Linganisha kwanza, na kila mmoja mwambie kwa maandishi: usinipeleke kokote bila idhini yangu.

Nikipumzika mwezi mmoja kati ya mikataba, bima inakuwaje?

Mawakala wengine huisitisha siku ya zamu ya mwisho, wengine mwisho wa mwezi, wengine hukuachia siku kadhaa kama umeshasaini mkataba unaofuata. Uliza hilo kabla ya kuuliza bonasi. Likikupata pengo, ipo COBRA, sheria inayokuruhusu kuendelea na bima ya mwajiri kwa kuilipia mwenyewe: una siku 60 za kuamua, na ukijiunga inarudi nyuma hadi siku bima ilipokatika. Ni ghali, ila ukiugua ndani ya siku hizo bado una pa kushika.

Mshahara wa saa ukiwa mdogo na posho kubwa, si ni faida tupu?

Kodi inapungua, ndiyo. Lakini mchango wako wa Social Security nao unapungua, na mafao ya ukosefu wa kazi yanafuata mshahara huohuo. Benki ikikupima kwa mkopo wa nyumba inaweza isizihesabu posho. Ovataimu pia. Ukichukua zamu ya nne, saa nne za kwanza, hadi kufika 40 za wiki, ni malipo ya kawaida na nane zilizobaki ni mara moja na nusu. Kwa dola 24 unapata 384, kwa dola 30 unapata 480. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya majimbo ya magharibi, katika kesi ya Clarke dhidi ya AMN Services, iliamua kwamba posho zinazopunguzwa muuguzi anapokosa saa zilikuwa ujira, na zilistahili kuingizwa katika hesabu ya ovataimu. Muulize wakala wako anavyozihesabu.

Niko Eldoret. Wakala ananipeleka Marekani kwa mkataba wa miaka mitatu, nikiacha nilipe faini ya maelfu ya dola. Hii ndiyo kazi ya kusafiri?

Siyo, kaka. Hiyo ni ajira kwa viza ya uhamiaji, na wiki 13 hazikuhusu kwa sasa. Faini hiyo isikutishe wala usiidharau. Mwaka 2019, mahakama ya shirikisho New York iliamua kwamba faini ya dola 25,000 waliyowekewa wauguzi kutoka Ufilipino haiwezi kutekelezwa, na kwamba waajiri walivunja sheria inayokataza usafirishaji haramu wa watu. Kesi ilichukua miaka. Wewe bado hujasaini: dai faini ipungue kila mwezi unaofanya kazi, jina la hospitali na mshahara viandikwe, na mwanasheria asiyelipwa na wakala ausome mkataba wote.