Chaja ya amp ngapi kwa betri ya trela la kulalia?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nna trela dogo la kulalia nalikodisha Jambiani. Betri ya maji, 12V 100Ah, inaendesha taa, feni na friji dogo. Ya mwanzo imekufa mapema, nikiiacha kwenye chaja ya gereji wiki nzima. Dukani wananambia nchukue chaja ya amp 40. Au nihamie betri ya lithiamu?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Amp 40 usichukue, nyingi mno. Betri ya maji inataka asilimia 10 mpaka 20 ya Ah zake (Ah ni ukubwa wa betri, umeme inaoweza kuweka), yaani yako amp 10 mpaka 20, na kwako mie nasema chukua 20 mana friji huzimi wakati unachaji, likila amp 4 na feni ikila yake, chaja ya 10 inabakisha kama nusu tu ya kuingia kwenye betri, umeme ukakatika kabla haijajaa ndo hivo tena, na betri ya maji ikikaa haijajaa inafanya salfeti (ukoko mgumu) kwenye pleti za risasi za ndani, inakufa taratibu.

Ila ile ya mwanzo, kwa unavoeleza, naona imeuliwa na hiyo chaja ya gereji. Nyingi za kizamani ni transfoma na daiodi tu, hazijui betri imejaa, zinasukuma tu mpaka maji yanakauka na pleti zinabaki wazi. Tafuta ya hatua 3: inapanda mpaka volti 14.4 hivi, inashika hapo mpaka amp zishuke, halafu inateremka 13.5 hivi na kukaa. Hiyo unaweza kuiacha. Yenye sensa ya joto bora zaidi, kwa joto letu volti inatakiwa iteremke kidogo.

Na soma kibandiko kabla hujalipa! Vya mtumba vya Japani vingi volti 100, vya Marekani 120, ukichomeka kwenye 230 yetu imeungua hapo hapo.

Lithiamu nzuri, nyepesi na inajaa haraka, lakini inataka chaja yenye mpangilio wake wa lithiamu, na ile hatua ya kusafisha salfeti inayopanda volti 15 na zaidi iwe imezimwa kabisa. Kama trela linafanya kazi msimu tu, baki na ya maji.

Jengine, tafadhali, betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, na wageni wako wanalala humo, kwa hiyo iwe kwenye boksi lililofungwa upande wa ndani lenye tundu la kutokea nje.