Neno "unusually" mulipe fasi yake

Niko nasomesha Kingereza hapa Goma, banafunzi bangu wengi wanatafuta kazi ku ma-ONG (mashirika ya misaada), na kuna neno moja minaombaka walishike vizuri mbele ya kuandika raporo yoyote: unusually, maana yake kupita kawaida. Wengi wanafikiri ni sawa na rarely, mara moja moja. Hapana bandugu. Mutu akiandika "I unusually eat meat" akitaka kusema nyama anakulaka mara moja moja, Mwingereza atakwama hapo hapo, juu unusually haihesabu kitu kinafanyika mara ngapi, inapima kitu na kawaida yake. Kwa ile ya mara moja moja andika "I rarely eat meat", ama "I don't usually eat meat", basi.

Fasi yake nzuri kabisa ni mbele ya sifa, vigusane, kitu kisiingie katikati. Mufano wangu ni wa mulima wetu: "Nyiragongo's lava is unusually fluid." Na ni kweli tupu, ile lava iko na silika kidogo (madini yenye kufanya lava inakuwa nzito) ndiyo maana inatiririka mbiyo kupita ya volkano zingine nyingi, bazee walioona ikilipuka 1977 banajua. Sasa angalia hiyo fraze, neno moja tu limesema volkano zingine lava yao ni nzito na hii yetu imetoka mu mustari. Ukiweka "very fluid" umesema inatiririka sana, kulinganisha kumepotea. Kwa hiyo usiliandike kama hujui kitu kinakuwaka aje siku zingine. Ukiandika "the lake was unusually rough this morning" (ziwa lilichafuka na mawimbi kupita kawaida) musomaji anaamini kama unaijua Kivu ya asubuhi zote, na kama umefika Goma jana, andika tu rough.

Inaweza pia kuanza fraze na koma nyuma yake: "Unusually, the market was empty on Saturday." Hapo habari yote ndiyo ya kushangaza. Ama unaongeza for: "Unusually for April, it stayed dry all week", maana Aprili hapa ni mvua.

Lakini mutego mukubwa kwetu sisi wa Kifaransa ni exceptionally. Tumezoea kusoma ku mulango wa biro "exceptionnellement fermé" (tumefunga leo tu, si kawaida), kisha tunaandika "Exceptionally, the office will open on Sunday", na Mwingereza anaona ni ajabu, juu kwake exceptionally mara nyingi ni sana kupita kiasi, kama "an exceptionally good nurse". Andika "As an exception, the office will open on Sunday."

Na abnormally muwachie daktari. "The child was abnormally quiet" inanusa ugonjwa, na "unusually quiet" inasema tu leo mutoto hakupiga kelele zake za kila siku, na mu raporo hiyo tofauti inaweza kutuma mutoto muzima ku hospitali.