Chapa za Uingereza za karne ya 18: kwa nini kejeli ina mistari na huzuni ina nukta?

Swali: Nasoma sanaa chuoni. Nikitazama mtandaoni chapa (picha zilizochapwa karatasini) za Uingereza za karne ya 18, zile za kuwakejeli wakubwa zina mistari mikali, lakini zile za mabinti wanaolia na wapenzi walioachana ni laini, na mara nyingi zina wekundu wa matofali. Ni mtindo wa mchoraji tu, au bamba lenyewe lilitengenezwa tofauti?

Jibu: Ni bamba. Zote zilichapwa kwa mabamba ya shaba, ila kazi iliyofanyika juu ya shaba hiyo haifanani.

Kibonzo kilikuwa bidhaa ya haraka. Fundi alipaka bamba nta, akachora kwa sindano mpaka shaba ikaonekana, kisha tindikali ikala pale palipo wazi. Bungeni kukizuka jambo, baada ya siku chache chapa iko dirishani kwa Hannah Humphrey, muuza chapa wa London, na watu wamejazana nje wakicheka bure. Rangi ilitiwa kwa mkono, na aliyeitaka aliilipia zaidi.

Za hisia zilitaka subira. Fundi alidonoa nukta maelfu kwa maelfu, kwa sindano na vigurudumu vyenye meno. Zikisongamana panakuwa na kivuli. Zikiachana, shavu linang'aa. Aliyeufanya ufundi huu uwe fasheni ni Francesco Bartolozzi, Mwitaliano aliyehamia London mwaka 1764, hasa kwa chapa alizotoa kwenye kazi za mchoraji Angelica Kauffman. Wino wa kahawia au mwekundu uliifaa ngozi, na chapa zikaenda kupamba kuta za watu. Nyingine, kwa maoni yangu, zimezidi sukari.

Lakini usiifanye kanuni. Carington Bowles aliuza vichekesho tele vya mezotinti, ufundi wa kukwaruza bamba lote kisha kulilainisha panapotakiwa mwanga, nao una ulaini wake. Na mchora vibonzo James Gillray, aliyesoma katika shule ya Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, alizijua nukta vizuri. Tazama chapa yake ya Julai 1792 inayomwonyesha mwana wa mfalme aliyekuja kuwa George IV. Ameshiba mpaka kizibao kinaelekea kupasuka, anachokonoa meno kwa uma, chupa tupu ziko chini ya kiti, na hati za madeni zimekandamizwa na chungu cha haja kilichofurika. Yote hayo kwa nukta laini zilezile za mabinti wenye machozi! Mlafi kapewa heshima ya picha ya sebuleni, na kejeli iko hapo hapo.

Ukiikuza chapa yoyote kwenye kompyuta, anzia shavuni, usianzie kwenye nguo. Mafundi wengi walichanganya: ngozi kwa nukta, mavazi na miti kwa mistari.