Cassandra kwenye klaudi: seva mbili hazitoshi
Yakhe, umesema umekodi seva mbili za klaudi (kompyuta za kukodi kwenye mtandao) uweke Cassandra, ile hifadhidata inayogawa data kwenye seva kadhaa, ya maduka yako ya Darajani na Wete, na seva zenyewe hazionani. Fungua poti 7000 (mlango wa mtandao) baina yao, ndo seva zinayozungumzia, lakini kwa IP za ndani tu (anwani za mtandao wako wa ndani), usiiachie intaneti nzima nakuomba sana, na poti 9042 iwe ya programu yako peke yake. Halafu tafuta seva ya tatu, maana ukiweka nakala 3 za data, kworamu (wingi wa nakala zinazotakiwa kujibu) ni 2, moja ikizimika kazi inaendelea, ila kwa nakala 2 kworamu ni hizo hizo 2, ikianguka moja umekwama. Saa za seva ziende sawa pia, Cassandra hufuata maandishi yenye saa ya karibuni, saa ya seva moja ikipotea majira mauzo mapya yanaweza kufunikwa na ya zamani.