Kabla hujachota majivu, uliza kilichoungua ni nini

Wadogo zangu mnaokuja Bagamoyo kujifunza ufinyanzi, wengi wenu mkishasikia kwamba majivu hutengeneza kioo juu ya chombo, kesho yake mnatokea karakana na mfuko mliochota kwa mama lishe. Nia ni nzuri. Ila kabla hujayamwaga kwenye ndoo ya wenzako, jibu kwanza: kiliungua nini? Jiko linalowashwa kwa mifuko ya nailoni halitoi majivu ya mfinyanzi, hata yakiwa meupe namna gani. Hata kanisani hawachomi chochote tu: majivu ya Jumatano ya Majivu hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita.

Nendeni mapema kwenye magofu ya mji wa kale wa Kaole. Ni kilomita kama 5 kusini mwa mji, na kwenye makumbusho yake madogo kuna vipande vya vyombo vya China vilivyoletwa pwani hii na biashara ya bahari. Watalii hutazama rangi, wakapita. Nyinyi tazameni pale kipande kilipovunjika: ndani mwili wa kijivu, juu yake utando mwembamba wa kioo. Mafundi wa China walijua zaidi ya miaka 3,000 iliyopita kwamba majivu ya kuni yakitua juu ya chombo ndani ya tanuri la nyuzi 1,200 na zaidi, huyeyuka pamoja na udongo yakawa kioo. Baadaye hawakungoja moto uwapeperushie. Wakayakoroga na udongo na kupaka wenyewe kabla ya kuchoma. Kijani kile mnachokipenda ni chuma kidogo tu, pamoja na moto ulionyimwa hewa. Kwenye tanuri la umeme, mchanganyiko uleule hukupa manjano au kahawia, basi msije kumlaumu fundi wa tanuri.

Msijaribu haya kwenye moto wa nje. Vyungu vyetu vinavyochomwa kwa kuni na makuti hupata nyuzi 700 hadi 900 hivi, na hapo majivu hubaki vumbi. Wala msiwadharau bibi zetu kwa hilo. Chungu kisichochomwa sana hupitisha hewa ndani ya udongo wake, ndiyo maana kinakaa mafigani bila kupasuka; hilo sahani iliyopakwa kioo hailiwezi.

Sasa aina. Majivu ya miti kama mwembe yana chokaa nyingi, na ndiyo rahisi kuanzia. Ya makumbi ya nazi yamejaa potasiamu na chumvi. Huyeyuka upesi, hutiririka, na yakishuka hadi chini chombo hugandana na rafu ya tanuri. Ya pumba za mpunga, ambazo zimelundikana kwenye mashine za kukoboa, karibu yote ni silika, ile ya mchanga. Peke yake hayayeyuki, lakini ukiyaongeza kidogo huzuia mchanganyiko usitiririke. Kila aina na ndoo yake, na jina juu ya ndoo.

Kuyaandaa ndiko kunakowachosha vijana. Chekecha kwanza, uondoe mkaa na misumari (kuni za mbao chakavu zina misumari, utashangaa). Loweka. Kesho yake maji ya juu yatakuwa ya manjano, na ukigusa yanateleza kama sabuni. Utelezi huo ni magadi yanayokula ngozi yako, kwa hiyo vaa glavu na linda macho. Yakikurukia, suuza kwa maji mengi papo hapo. Mwaga maji hayo, tia mengine, rudia mpaka utelezi upungue, kisha anika. Ukiyachekecha makavu, vaa barakoa, hasa ya mpunga. Kwa jaribio la kwanza pima kwa mizani: majivu 2, felspa (unga wa jiwe linaloyeyuka tanurini) 2, udongo 1, na choma karibu nyuzi 1,260 kwenye vigae vya majaribio. Usiweke jagi lako zuri.

Utajikata, utaungua. Mtu mzima mmoja atakuja na konzi ya majivu akuambie uyapake kidonda kikauke. Mshukuru, usipake. Majivu yaliyozolewa chini huweza kubeba vijidudu vya pepopunda, na kwa kitovu cha mtoto mchanga ni hatari zaidi. Osha kwa maji safi na sabuni, funika, nenda zahanati, na uulize chanjo yako ya mwisho ilikuwa lini.

Mkisikia majivu ya volkano, hayo hayakuungua hata kidogo. Ni mawe na vioo vilivyosagwa na mlipuko. Nyayo za binadamu wa kale za Laetoli, kule Ngorongoro, zilizogunduliwa mwaka 1978 zilikanyagwa kwenye majivu ya namna hiyo yaliyolowa mvua, miaka milioni 3.6 iliyopita, kisha yakaganda. Mfinyanzi anaweza kuyatumia, ila yana hesabu yake tofauti, tuyaache kwa sasa.

Mabaki msiyamwage kwenye bustani za hapa. Majivu husaidia udongo wenye tindikali, na udongo wetu juu ya matumbawe tayari una chokaa ya kutosha. Yaliyo makavu na masafi wapeni wanaohifadhi kunde: hukwaruza ngozi ya wadudu wakakauka. Yaliyobaki, chooni, kwenye shimo.